Maji Ambayo Daudi Hakuyanywa

Somo: 2 Samweli 23:13–17



Wiki hii, tarehe 25 Julai, taifa letu linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao vitawekwa mnarani, mashada ya maua yatafuata, na viongozi wa dini watawaombea marehemu. Wapo waumini wanaojiuliza: sisi tunaomfuata Mfalme wa Amani, tutamheshimuje mwanajeshi bila kuibariki vita? Somo letu linajibu.

Daudi yuko pangoni Adulamu, na Wafilisti wameishika Bethlehemu, mji wa kwao. Anatamani maji ya kisima kilicho langoni pa mji ule. Hatoi amri, anatamani tu. Mashujaa watatu wanamsikia, wanapenya kambi ya adui, wanateka maji na kumletea. Daudi anakataa kuyanywa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa ndani yake ameona damu ya watu waliohatarisha roho zao.

Hakuwadharau wale watatu. Aliwapa heshima kuu kuliko zote: walichokileta alimtolea Mungu. Ila alikataa damu yao isiwe kiburudisho chake. Kumheshimu askari na kuichukia vita vilikutana katika tendo lile moja.

Watanzania tunaijua gharama hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivamia Kagera. Raia waliuawa, mifugo ikaporwa, watu wakayakimbia makazi yao. Vijana wetu walikwenda, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wengi hawakurudi, baadhi yao wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja. Walikuwa wamekwenda kuwakinga raia wa nchi jirani. Hao ni wana wetu, na tuwataje kwa shukrani.

Lakini shukrani hiyo isitupofushe. Vita vya Kagera vilitokana na mtawala aliyetamani ardhi isiyo yake. Maji aliyoyamwaga Daudi, Amin aliyanywa. Na askari wa Uganda aliowatuma nao walikuwa na wazazi. Mama wa Masaka alimlilia mwanawe kama alivyolia mama wa Muleba. Mbele za Mungu hakuna chozi la adui.

Nasi tulio mbali na risasi tujihadhari. Leo watu wanafuatilia vita vya Sudan, Ukraine na Gaza kwenye simu, wakishangilia upande wao kama watazamaji wa mpira. Anayeshangilia kifo cha kijana asiyemjua, huku yeye amekaa salama sebuleni, anakunywa maji yale yale.

Nabii Isaya (2:4) aliona siku ambayo mataifa yatafua panga zao kuwa majembe na hayatajifunza vita tena. Tunaiamini ahadi hiyo, na anayeiamini huanza kuiishi sasa. Kwa hiyo nawasihi wiki hii: mtembeleeni mjane wa mwanajeshi au askari mstaafu aliye mtaani kwenu. Muulizeni hali, msikilizeni, msaidieni anachohitaji. Waombeeni walio kwenye ulinzi wa amani, na waombeeni pia wale wanaowashambulia, ili Mungu awageuze mioyo. Waombeeni watawala wajue kuzizuia tamaa zao kabla hazijagharimu uhai wa mtu. Na nyumbani kwako, ukiwa na ugomvi na ndugu au jirani, usingoje aanze yeye. Nenda ukapatane naye kabla ya Jumapili ijayo.

Bwana awape amani. Amina.