Ngoma isiyo na viti

Moshi ulianza kuingia dirishani saa tisa alasiri, Jumamosi, mwezi wangu wa kwanza Buguruni, Dar es Salaam. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja upande wa Malapa, nimetoka Singida na begi na godoro, na nilipouona ule moshi nilitoka mbio nikidhani nyumba ya jirani inaungua. Uchochoroni nikawakuta vijana wanne wamechutama kuzunguka maboksi yanayowaka. Mmoja ameishika ngoma, ngozi ameielekeza motoni, anaizungusha taratibu kama anayechoma mhindi. Kila baada ya muda anaigonga kwa ncha za vidole, anatega sikio, anairudisha. Ngozi iliyolegea ina sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. Moto ukiikaza, sauti inapanda na kuwa kavu. Yule kijana alipoisikia imefika alitabasamu bila kumwangalia mtu, akaiweka pembeni, akachukua nyingine.

Ule ulikuwa mdundiko. Mwali wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa anatolewa nje siku hiyo, na mimi mtu wa bara nilikuwa sijawahi kuuona.

Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa mtaani hapo hapo, alinikuta nimesimama barazani nimekunja mikono. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Unangoja nini, mwanangu?"

"Naangalia ngoma, bibi."

"Mdundiko hauangaliwi. Mdundiko unafuatwa. Ukibaki hapo utaona vumbi tu."

Nilidhani ni msemo. Kumbe alikuwa ananieleza jambo kama lilivyo. Mdundiko hauna uwanja. Wapigaji wanazivaa ngoma kwa mikanda begani, firimbi inalia, debe linaitikia, na umati mzima unaondoka. Mwali yuko katikati, amebebwa mabegani, amepambwa kwa kanga mpya, macho ameyainamisha kama alivyofundishwa, na kina mama wanamtunza kila hatua: noti, kanga, vigelegele. Asiyeondoka nao anabaki na mtaa mtupu na mbwa wanaobweka.

Nikaondoka nao. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akasikia makofi yangu yanakwenda kombo, akanishika viganja vyote viwili na kuvipiga pamoja na vyake mpaka nikaingia kwenye mdundo. Hakuniuliza jina wala kabila. Alipoona nimeshika, akaniacha akaendelea na yake. Nimesoma shule kwa miaka mingi, na sikumbuki mwalimu aliyenifundisha kitu kwa muda mfupi vile.

Jua lilipozama sikujua tuko wapi. Tulishavuka reli, tulishapita vichochoro ambavyo hata leo siwezi kuvitaja. Hapo ndipo nilipohisi shati langu limeshikwa. Mtoto wa miaka mitano hivi, kifua wazi, vumbi mpaka kwenye kope, alikuwa amefuata ngoma tangu kwetu na sasa ameanza kulia. Kila aliyekulia Dar es Salaam anaijua hofu hii. Wazazi wameisema kizazi kwa kizazi, kwamba mdundiko unapoteza watoto. Nikampeleka kwa wapigaji. Kijana yule wa moto akamtazama mara moja tu akasema, "Huyu wa mama muuza maandazi." Akampandisha begani juu ya ngoma, na tukarudi hivyo, mtoto anaitumia ngozi kama mto. Nikaona kwamba ngoma iliyomchukua ndiyo pia iliyokuwa inamjua mama yake.

Miaka mingi baadaye safari ya kikazi ilinifikisha Sevilla, kusini mwa Hispania. Wenyeji wetu walitukatia tiketi za flamenko katika mtaa wa Triana, ng'ambo ya mto Guadalquivir. Ukumbi mdogo, viti vimepangwa, kinywaji kimoja kimejumlishwa kwenye bei. Mzee mmoja alikaa kwenye kiti cha mbao, akagonga meza kwa vifundo vya vidole, akaanza kuimba bila gitaa. Ile sauti ilinikamata kooni. Sikuelewa neno hata moja na nilitamani asinyamaze.

Mchezaji alipoinuka, sisi wageni tukaanza kupiga makofi. Dada mmoja wa pale akainama kwetu, akatuomba kwa upole tuache. Alikuwa na haki. Makofi ya flamenko ni kazi ya fundi. Katika nyimbo zao nyingi mapigo huhesabiwa kumi na mawili, na mkazo hauji pale sikio geni linapoutegemea. Mgeni akipiga ovyo, anamvurugia mwimbaji. Nikaiweka mikono mapajani, na moyo wangu ukarudi Buguruni, kwa yule mama aliyeona makofi mabaya akaamua kuyanyoosha.

Sisemi kwamba Wahispania wametoa utu kwenye ngoma yao. Flamenko ilikuzwa na watu wa chini wa Andalusia, Wagitano, yaani Waroma wa huko, wakiwa mbele, na huko Jerez na kwingineko bado inaimbwa harusini na kwenye ubatizo bila mtu kuuziwa tiketi. Lakini Triana yenyewe ina kisa ambacho mtu wa Buguruni atakielewa bila mkalimani. Familia za Wagitano ziliishi katika nyumba za vyumba vilivyozunguka ua mmoja, maji ya pamoja, jiko la pamoja, na nyimbo zilitoka humo uani. Katika miaka ya 1950 na 1960, wengi waliondolewa na kupelekwa kwenye majengo ya pembezoni mwa jiji. Mtaa ukabaki na jina. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika flamenko katika orodha ya urithi wa binadamu, nami nilifurahi kama wengine. Ila usiku ule, mle ukumbini, hapakuwa na bibi harusi wala mtoto aliyezaliwa. Palikuwa na sisi tu, tuliolipa.

Nyumbani nako, jiji letu linadaiwa na ngoma kama mdundiko kuliko linavyokiri. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ndiyo leo Msondo Ngoma, na msondo ni ngoma ya kumchezea mwali. Mlimani Park, wa mwaka 1978, waliuita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Waliojaa ukumbi wa DDC Kariakoo kucheza, wengi wakiwa wa kuja kama mimi, walikuwa wanaingia nyumbani kwa watu bila kujua mlango waliopitia.

Najua malalamiko. Vibaka huingia kwenye umati, barabara huzibwa, mgonjwa halali. Na lipo ninaloliogopa zaidi: binti anayetolewa leo na kuozwa mwezi ujao. Hilo nalipinga bila kumung'unya maneno. Mwali wa miaka kumi na minne anapaswa kuonekana darasani Jumatatu. Lakini kila ninaposikia kwamba dawa ni kuuingiza mdundiko ukumbini, upangiwe saa na viti, nakumbuka mikono yangu ikiwa mapajani.

Mwenye nyumba wetu alifariki. Warithi walikuwa tisa na kiwanja ni kimoja, wakauza, wakagawana. Pale uani palipokuwa na mwarobaini sasa kuna stoo ya mzigo wa Kariakoo, na malori yanashusha viatu usiku. Wajukuu wamehamia Chanika. Majirani wengine wako Mbagala, wengine wamerudi Kisarawe walikotoka babu zao. Naenda Buguruni mara kwa mara, nashuka kituo cha Sheli, natembea mpaka Malapa, na Jumamosi nyingi sisikii kitu.

Mwaka jana mjukuu mmoja alinipigia simu. Binti yake, yuko kidato cha pili, amechezwa, anatolewa Jumamosi, na mimi ni mtu wa nyumba ile. Walikodi Coaster kuwachukua watu wa mtaani. Tulikuwa wachache kuliko viti. Ngoma zilifungwa juu ya keria, na mama mmoja mtu mzima alisimama njia nzima akizisikiliza kama zinagongana.

Chanika kuna mchanga na nafasi. Nyumba haijapigwa plasta, na majirani walisimama mbali, wapangaji na wajenzi kutoka mikoani, wamekunja mikono. Nyuma ya nyumba boksi lilishawashwa. Aliyeishika ngoma ni kijana nisiyemjua, lakini alikuwa akitega sikio vilevile. Moto ukaanza kufifia. Akaninyooshea kipande cha boksi nipepee, nami nikavua koti, nikachutama.