Tazameni Kabla ya Kunena

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, wako wasemao ya kwamba mwanafunzi wa dini hana haja ya kutazama mawe na mimea, na kwamba elimu hiyo ni ya watu wengine. Sisi twasema: Qurani imetuamrisha mara nyingi kuvitazama viumbe na kuvifikiri. Aachaye amri hiyo kwa jina la dini, ameacha sehemu ya dini yenyewe. Tutatoa mfano wa kiumbe kimoja ambacho mpitaji hukikanyaga asijue kuwa ki hai.

Juu ya majabali ya milima ya baridi, Ulaya na nchi za kaskazini, huota madoa ya manjano yenye ukijani, yaliyopasukapasuka, na kila doa limezungukwa na mstari mweusi. Madoa yakikutana, jiwe huonekana kana kwamba limechorwa ramani. Kwa sababu hiyo Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipokiandika kiumbe hiki mwaka 1753, alikipa jina la jiografia. Na leo huitwa Rhizocarpon geographicum. Jamii zake za karibu ziko hata juu ya Mlima Kenya. Katika mawe ya matumbawe ya pwani yetu hutakiona, kwani hakioti penye chokaa.

Zamani kilihesabiwa kuwa ni mmea mmoja. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi, baada ya kuvichungua viumbe vya namna hii kwa hadubini, alieleza kuwa kila kimoja ni viwili: kuvu, na ndani yake mwani mdogo mno. Mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Kuvu hushika jiwe, huhifadhi maji na kuukinga mwani. Ndiyo maana Kiswahili huitwa kuvumwani. Wakubwa wa elimu hiyo, miongoni mwao Nylander, walimkataa, na wengine walimfanyia dhihaka. Lakini hoja haishindwi kwa cheo cha mwenye kuikataa. Ushahidi ulizidi, na msingi wa neno lake ndio ufundishwao leo.

Je, maradhi hayo si yetu pia? Ni mara ngapi mtu huletewa dalili iliyo wazi, naye akajibu kuwa fulani mkubwa hakusema hivyo? Kuwaheshimu wakubwa ni wajibu, lakini heshima si hoja.

Tena tazameni subira yake. Kwa kawaida doa hili hupanuka chini ya milimita moja kwa mwaka. Mwenye haraka akilitazama mwezi mzima, atasema limekufa. Beschel wa Austria hakuwa na haraka: mwaka 1950 alionyesha kuwa, kwa kupima upana wa madoa kama haya, yaweza kukisiwa ni miaka mingapi tangu barafu ya mlima ilipoyaacha mawe wazi. Na mwaka 2005 kiumbe hiki kilipelekwa nje ya anga katika chombo kiitwacho Foton-M2. Kilikaa yapata majuma mawili pasipo hewa, katika miale mikali ya jua. Kiliporudishwa na kupewa maji, kikaendelea na kazi yake.

Wahubiri wengine watakimbilia kukifanya mfano wa mapenzi ya ndugu wawili. Basi na wajue kuwa Schwendener mwenyewe alilifananisha kuvu na bwana, na mwani na watumwa wake. Hata katika mawaidha, macho yatangulie ulimi.

Twawanasihi walimu wa vyuo vyetu: wapelekeni watoto kwenye magome ya miembe na minazi, wakayatazame madoa yaliyoko huko. Waulizeni wameona nini, kabla ya kuwaambia waseme nini. Mtoto aliyezoea kutaka dalili katika gome la mti, hatadanganyika upesi atakapouziwa uzushi kwa jina la Mtume.

Mwenyezi Mungu atupe macho yenye kuona na nyoyo zenye kukubali haki. Amin.