Je, Ni Haki Kumdanganya Ndege?

Katika nchi ya Marekani, baridi ikiisha na miti ikianza kuchipua, baba huamka gizani pamoja na mwanawe, wakaenda msituni kumwinda bata mzinga wa mwitu. Huketi chini ya mti, wamevaa nguo za rangi ya majani, kimya. Baba anacho kisanduku cha mti. Akikisugua kifuniko chake, hutoa sauti kama ya bata mzinga jike. Naye dume aisikiaye hujibu kwa kelele, huja akitanua mkia na kuvimbisha manyoya, akidhani aitwa na mke. Badala ya mke hukutana na marisau.

Wako wasemao kwamba huo ni udanganyifu, tena baba amfundisha mtoto wake kudanganya. Neno hili si la kucheka, yatupasa kulipima.

Kwanza na tuangalie sababu ya kuwinda dume wakati huo. Jike hutaga mayai kama 10 au 12, huyaatamia siku 28 hivi peke yake, na kuwalea watoto peke yake. Dume hana kazi katika malezi. Kwa hiyo sheria za majimbo mengi zaruhusu majira hayo kupigwa ndege mwenye ndevu kifuani tu, naye kwa kawaida ni dume; hivyo makinda hayaachwi yatima. Kipimo hiki kilipatikana kwa hasara. Zamani misitu ilikatwa, na ndege hao wakapigwa bila kiasi hata wakatoweka katika majimbo mengi. Mwaka 1937 ilitungwa sheria ya kutumia kodi ya bunduki na risasi kwa kuwarudisha wanyama wa mwitu. Ndege wakanaswa hai kwa nyavu, wakapelekwa mahali walipokuwa wameisha. Katika jimbo la Missouri uwindaji ulikuwa umefungwa, nao ulifunguliwa tena mwaka 1960, kwa siku tatu tu. Leo wako mamilioni katika nchi ile.

Sasa habari ya udanganyifu. Twaona kwamba kweli ni deni baina ya wale wapeanao neno. Ndege hatukumpa neno lolote, wala mvuvi hamwahidi samaki atiapo chambo katika ndoana. Kama chambo ni uongo wa dhambi, basi hakuna alaye samaki kwa haki. Mwindaji ahitajiye nyama, atwaaye kwa kiasi, asiyeacha ndege aliyejeruhiwa ateseke, hatuwezi kumwita mwongo.

Lakini shauri halikuisha hapo, maana hila haina macho. Sauti ile ile imwitayo ndege husikiwa na mwindaji mwingine upande wa pili wa kichaka. Naye huona jani likitikisika, akadhani ndege yuko pale. Watu wamepigwa risasi kwa namna hii, na mara nyingine mpigaji alikuwa mwenzi wao wa safari. Uongo aliokusudiwa ndege humfikia mtu, na kwa mtu tunalo deni. Ndiyo maana wawindaji wenye busara huwafundisha watoto wao: usipige sauti, wala usipige kitu kinachotikisika, ngoja hata umwone ndege mzima, na ndevu zake, na kilicho nyuma yake.

Basi twajibu hivi: kumwita ndege kwa hila si dhambi, bali mwenye kutumia hila amejitwika wajibu wa kuwa na macho kuliko wengine. Na neno kubwa zaidi ni hili, baba asifu nini? Akisifu nyama tu, mtoto hujifunza kwamba hila ni njema ikileta faida, naye ataichukua hila hiyo mpaka sokoni na nyumbani. Lakini mtoto akishusha bunduki kwa kuwa hana hakika, wakarudi mikono mitupu, na baba akamsifu mbele ya mama yake na ndugu zake, amempa fundisho litakalomfaa maisha yake yote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi tusiowinda tuangalie sifa zetu, maana watoto wetu wanazisikia.