Bwawa Lako, Mbu wa Jirani



Wapendwa vijana, swali la leo limetoka kwa mmoja wenu wa VIWAWA: "Frateri, mtu akiweka bwawa la kuogelea uani kwake, lile dogo la turubai linalosimama juu ya ardhi, wakati majirani wanahangaika na ndoo, je, ni dhambi?"

Mnaweza kucheka. Lakini mabwawa haya siku hizi yapo, watu wanayanunua Dar es Salaam, yanapanda basi yamekunjwa kwenye boksi hadi Ifakara, na watoto wa mtaa mzima wanachungulia kwenye ua. Na majibu yanayotolewa mtaani ni mawili. La kwanza: "Pesa yake, uwanja wake, wewe inakuhusu nini?" La pili: "Hiyo ni anasa, na anasa ni dhambi." Mimi naona yote mawili yanakimbia swali lenyewe. Twende taratibu.

Tunaongelea kitu gani?

Falsafa nzuri huanza kwa kukijua kitu. Chukua bwawa la duara lenye kipenyo cha mita 3, ukalijaza maji hadi sentimita 60. Piga hesabu: ni kama lita 4,200. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 210. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, umeweka uani zaidi ya tani 4.

Ndiyo maana kuliweka si kufungua boksi tu. Unachagua mahali tambarare, mbali na nyaya za umeme na shimo la choo, wala si chini ya mwembe, maana majani yatakuchosha. Unaondoa mawe na mizizi, unachimba upande ulioinuka badala ya kujazia udongo upande wa chini, unahakikisha kwa pima maji, unatandika mchanga laini uliochekechwa. Ukikosea hapo maji yote yanaegemea upande mmoja, ukuta unabonyea, na siku ukipasuka tani 4 hazitauliza mpaka wa kiwanja uko wapi.

Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili. Inayofuata haina mwisho. Jua letu huichoma klorini haraka, kwa hiyo unapima maji mara kwa mara kwa vile vijikaratasi: klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Kwa bwawa la lita 4,200, kuongeza miligramu 2 kwa lita kunahitaji kama gramu 13 tu za klorini ya unga ya asilimia 65. Unaitia dawa kwenye ndoo yenye maji (siyo maji juu ya dawa), kamwe huichanganyi na kemikali nyingine, unaimwaga jioni watoto wakiwa wametoka, na unapima tena kabla hawajarudi. Unaendesha pampu, unasafisha chujio, unasugua utelezi ukutani, unaopoa majani na wadudu. Kila wiki. Ukiacha siku chache tu, maji yanageuka kijani.

"Pesa yangu, uwanja wangu"

Sasa tulipime jibu la kwanza. Kanisa halipingi mtu kuwa na mali yake. Mtakatifu Thomas wa Aquino (Summa Theologiae II-II, swali la 66, kifungu cha 2) anasema ni halali mtu kumiliki, na anatoa sababu za akili kabisa: kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake kuliko kile ambacho ni cha wote, maana cha wote kila mmoja humwachia mwenzake.

Umeona? Moja ya sababu zinazokupa haki ya kusema "changu" ni kwamba utakitunza. Ukikimiliki halafu ukakitelekeza, umebaki na haki huku umeitupa sababu yake. Na Thomas anaongeza kwamba katika matumizi tusikihesabu kitu kuwa chetu peke yetu, bali tuwe tayari kuwashirikisha wenye shida.

Biblia ililiona hili hata kabla ya Thomas. Katika Kutoka 21:33-34, mtu akifunua au kuchimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia, mwenye shimo analipa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka, damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Torati haikatazi kuchimba shimo wala kujenga dari. Inasema tu: ukishaweka kitu kinachoweza kumwumiza mwenzako, ulinzi wake ni wako. Leo maandiko hayo yangetaja ua wenye mlango unaofungwa, ngazi inayoondolewa mkimaliza kuoga, na mtu mzima anayekaa pale, macho kwa watoto, simu mfukoni. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, hata kwenye maji ya kina kifupi.

Na sisi wa Kilombero tunalijua shimo jingine, lisilohitaji mtu kutumbukia.

Kinachoruka juu ya ukuta

Ifakara inajulikana duniani kwa sababu ya mbu. Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara hapa katika miaka ya 1950, na kutoka mbegu hiyo tuna Taasisi ya Afya Ifakara, ambako mbu hufugwa ndani ya majengo ya wavu ili wachunguzwe. Tunaishi jirani na watu wanaowajua mbu kuliko karibu wote duniani, kwa hiyo kisingizio cha "sikujua" hapa kwetu kina nguvu kidogo sana.

Mbu hawana tabia moja. Wapo wanaopenda madimbwi madogo yenye jua, wapo wa maji ya kudumu yenye majani, wapo wa maji machafu, na wale wa dengue wanapenda vyombo: tairi, pipa, ndoo iliyosahaulika. Bwawa lililoachwa linaweza kuwakaribisha wa namna tofauti kadiri linavyozidi kuharibika. Kwenye joto la bonde letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 14 hivi. Hata kifuniko hakitoshi: mvua ikinyesha, turubai ulilofunikia linabonyea katikati na kutengeneza dimbwi jipya juu yake, ambalo klorini ya chini hailifikii. Umefunika, lakini hujatunza. Nadhani mnaelewa kwamba jambo hili halihusu turubai peke yake.

Mbu akishatoka hapo hana kitambulisho. Haijui familia iliyomlea. Anaweza kumkuta mama mjamzito wa nyumba ya tatu, au mtoto wa chini ya miaka mitano, na hao ndio malaria inaowaumiza zaidi. Ua wako una mpaka. Matokeo ya uzembe wako hayana.

Habari njema ni kwamba wema nao huruka ukuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, wazee wetu wanavikumbuka kwa jina la Zuia Mbu. Watafiti walikuta kwamba matumizi yake yaliendana na ongezeko la asilimia 27 la kuendelea kuishi kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Na huko magharibi mwa Kenya, utafiti wa vyandarua ulionyesha kwamba hata nyumba zisizo na chandarua, zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa zilizo nacho, zilipata kinga. Yaani chandarua cha jirani kilimlinda mtoto asiyekuwa na chandarua. Wale wanaodhani "manufaa ya wote" ni maneno ya mimbarini tu, wafikirie hizo mita 300.

"Anasa ni dhambi"

Jibu la pili nalo lina haraka. Mtoto kucheza majini siyo uovu. Nabii Zekaria (8:5) anapoeleza Yerusalemu iliyorudishiwa heri, anaona viwanja vya mji vimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Thomas huyo huyo (II-II, swali la 168) anasema roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba ipo fadhila ya kucheza kwa kiasi. Tena huku kwetu, ambako mtoni kuna mamba na viboko, mtoto kujifunza kuelea kwenye maji ya sentimita 60 mbele ya mama yake si jambo la kudharau.

Lakini ndoo 210 bado ni ndoo 210. Hayati Papa Fransisko katika Laudato si' (2015, namba 30) alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, maana uhai unayategemea. Basi kiangazi, bomba likitoa matone na foleni ya ndoo ikizunguka kona, mwenye bwawa hawezi kusema ana haki sawa ya kujaza la kwake. Kiu hutangulia mchezo. Na angalia jambo hili: anayetunza hutumia maji machache kuliko asiyetunza. Maji yaliyochujwa na kutiwa dawa yanakaa muda mrefu; yaliyoachwa yakaoza yanamwagwa, na ndoo 210 zinaanza upya. Na siku ya kumwaga, mwenye upendo huacha kwanza kutia klorini kwa siku kadhaa hadi kipimo kishuke, kisha anamwagilia miti yake, haelekezi mfereji kwa jirani.

"Lakini mimi sijafanya chochote"

Hapa ndipo swali lilipo hasa. Mwenye bwawa la kijani atasema: "Mimi sijamdhuru mtu. Sijafanya kitu." Ni kweli, na tatizo ndilo hilo.

Thomas (I-II, swali la 6, kifungu cha 3) anatoa mfano wa nahodha. Chombo kikizama kwa sababu nahodha ameacha usukani, kuzama kunahesabiwa kuwa ni kwake, ingawa "hakufanya" lolote. Ila anaweka masharti mawili: awe aliweza kuongoza, na awe alipaswa kuongoza. Kuweza na kupaswa. Ndiyo maana katika sala ya "Nakuungamia" tunakiri pia wajibu tusioutimiza.

Mtu atauliza: "Frateri, bonde zima ni maji! Majaruba ya mpunga kila upande, Lumemo ukifurika mtaa unakuwa ziwa, na uwanda wa Kilombero umo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa tangu 2002. Kabwawa kangu kataongeza nini?" Swali zuri, na sitalikwepa. Inawezekana kabisa kwamba kwa hesabu ya bonde zima, bwawa lako ni tone. Lakini wajibu haupimwi kwa kuuliza, "Je, nitamaliza malaria Kilombero?" Unapimwa kwa masharti ya nahodha. Mafuriko huwezi kuyapiga brashi. Jaruba lina kazi ya kutulisha. Bwawa hili uliliweka wewe, kwa hiari, kwa ajili ya furaha yako, na unaweza kulitunza kwa gramu 13 na nusu saa. Hakuna mwingine anayeweza kulitunza kwa niaba yako bila kuruka ukuta. Mtu anayejificha nyuma ya ukubwa wa tatizo huwa anatafuta ruhusa ya kuacha kidogo kilicho mikononi mwake.

Basi jibu langu kwa aliyeuliza ni hili: kuwa na bwawa si dhambi, kuwa nalo bila kulitunza ndiko kunakoweza kuwa dhambi, kwa kadiri ulivyojua na ulivyoweza. Kabla ya kununua, swali la "nina pesa?" halitoshi. Jiulize pia, "Wiki ya kumi, msisimko ukiisha na watoto wamelichoka, nitakuwa bado mtu wa kulisugua?" Kama hapana, liache dukani. Na kama tayari unalo na umechoka, limwage, likaushe, likunje. Huo nao ni utunzaji.

Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kazi mbili. Ile ya kwanza tunaipigia picha na kuiweka status. Ya pili haipigwi picha, na nadhani ndiyo sehemu kubwa ya upendo: mama anayechemsha maji kila jioni, mlei anayefagia kigango kila Ijumaa, mwenye bwawa anayeinama na wavu alfajiri kuopoa majani. Aristotle alifundisha kwamba fadhila hukua kwa kurudia tendo. Mtu hawi mwema siku ya uzinduzi.

Zoezi la wiki: wengi wetu hatuna bwawa, lakini nani hana ua? Jumamosi hii, kabla ya mazoezi ya kwaya, zunguka nyumba yenu. Tairi, kifuu, pipa lisilo na mfuniko, ndoo iliyovunjika nyuma ya choo. Ukikuta viluwiluwi, mwaga, sugua, geuza chombo kifudifudi. Halafu mwulize bibi jirani asiyeweza kuinama kama unaweza kupita na kwake. Rudia Jumamosi ijayo, maana mbu naye anahesabu wiki.

Tuombeane.

Frateri wenu, Ifakara