Tarehe 12 Januari: Nani Atukumbushaye?

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Januari twafungua redio na televisheni, nasi twasikia mizinga, twaona gwaride, twasikiliza hotuba ya Rais wa Zanzibar. Ni haki. Mapinduzi ya 1964 yalikuwa na sababu zake. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kumbe viti vyake vikawa 13 tu, na wapinzani wake wakapata 18. Asiyelijua jambo hilo hawezi kuielewa hasira ya wanyonge wa Ng'ambo na mashamba. Lakini twauliza: je, anayetuonyesha sikukuu ndiye pia atuchaguliaye wafu wa kuwalilia?

Tukumbuke kwamba Mapinduzi yenyewe wengi waliyasikia redioni kabla ya kuyaona kwa macho. Sauti ya John Okello, mtu wa Uganda, ilitoka katika kituo cha Raha Leo, ikitaja majeshi yasiyopata kuwako na adhabu za kutisha. Watu wakajifungia majumbani kwa hofu ya mtu ambaye hawakupata kumwona. Mwezi Machi mwaka uo huo Okello alizuiwa kurudi Visiwani, na kwa miaka mingi jina lake halikusikika katika sherehe. Redio ilimkuza kwa siku moja, kisha ikamnyamazia. Naye alikuwa Mkristo. Hilo nasi Wakristo tumelisahau upesi mno.

Baadaye ikaja sinema. Mwaka 1966 Waitaliano Jacopetti na Prosperi walitoa "Africa Addio", ambayo ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani, za maiti na makaburi ya Unguja. Filamu ile ilimdharau Mwafrika, nayo ilipingwa vikali, tena kwa haki. Hata hivyo vipande vyake leo vyapita katika simu za vijana wetu bila neno la maelezo. Huyu aviita ushahidi kamili, yule aviita uzushi mtupu, na ugomvi wawaka. Ni wachache waulizao: maiti hii ilikuwa ya mama gani?

Amri ya nane haivunjwi kwa ulimi tu. Hata picha ya kweli yaweza kushuhudia uongo, ikikatwa mahali inapomfaa mkataji. Sherehe isiyomtaja hata marehemu mmoja wa upande wa pili, na filamu isiyotaja hata dhuluma moja iliyotangulia, ni ndugu wa tumbo moja, ijapokuwa hazisalimiani. Idadi ya waliouawa yabishaniwa hata leo, tangu mamia hadi maelfu mengi. Wengi wao walikuwa Waarabu, na Wahindi pia, majirani wa wale waliowaua.

Basi twawasihi wazazi. Gwaride likiisha, zimeni televisheni, mwasimulie watoto habari za kura za 1963 na za makaburi ya 1964 kwa pumzi moja, kisha msali rozari kwa ajili ya wafu wa siku zile, wa kila upande. Mtoto akiuliza kama yafaa kuwaombea Waislamu, mwonyesheni Sala ya Ekaristi ya Nne, ambamo padre awaombea marehemu wote ambao imani yao yajulikana na Mungu peke yake.