Samaki Tusiyemla

Jumamosi iliyopita baadhi yetu, akina baba na vijana, tulishuka mto Wandle upande wa Carshalton kujaribu uvuvi ambao hatukuujua. Kwetu tulizoea wavu, au ndoana yenye mnyoo. Hapa jirani mmoja Mwingereza alitupa kimdudu cha bandia, nyuzi na manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana, na shanga nzito kichwani. Kinaiga mdudu mchanga anayeishi chini ya mawe kabla hajaota mabawa. Unasimama majini, fimbo ndefu mkononi, mshipi umeinuliwa usilale juu ya maji, na chambo kinabingirika chini kwa mwendo wa mkondo. Macho yako kwenye kipande cha mshipi chenye rangi kali. Kikisita tu, inua!

Kwa saa mbili tulinasa magugu, na kofia ya mmoja wetu.

Kisha kijana akapata trauti mwenye madoa mekundu, mrefu kama kiganja. Tukashangilia. Jirani akalowesha mikono, akachomoa ndoana isiyo na kijino, akamrudisha mtoni. Mama mmoja aliyetuletea chai akauliza, "Sasa baba zangu, mmemwumiza ili iweje?"

Tulinyamaza.

Waingereza wamebishana sana juu ya uvuvi huu. G. E. M. Skues, mwanasheria wa hapa London, aliutetea katika kitabu chake cha mwaka 1910, na mwaka 1938 wanachama wa klabu ya wavuvi jijini humu walikaa kujadili kama ni haki kumvua trauti kwa chambo kilichozama, badala ya kinachoelea. Walijadili heshima ya mvuvi. Swali la mama ni jingine: linamhusu samaki. Petro naye alitupa ndoana, lakini alikuwa na kodi ya kulipa.

Jirani alijitetea vizuri. Katika miaka ya 1960 Wandle ulikuwa umechafuka hadi kuhesabiwa mfereji wa maji taka. Wavuvi kama yeye walikuwa miongoni mwa waliovuta vitoroli vya madukani na matairi kutoka topeni, na watoto wa shule za jirani walilea vifaranga vya trauti darasani, wakawaachia mtoni. Bila wapenda ndoana, asema, asingekuwepo samaki wa kumhurumia. Ukimla, umekula kazi ya watoto wale.

Hoja hiyo ina uzito, nasi tunaikubali nusu. Inaeleza kwa nini tusimle, haielezi kwa nini tumchome mdomo. Tena ni hoja yake yeye, aliyeingia topeni. Sisi tulikuwa na leseni tu, na hatujawahi kuokota hata chupa moja pale. Kwetu, anayevua hulisha nyumba. Tukiacha sababu hiyo, lazima tuwe na nyingine, na furaha ya kijana wetu, ingawa tuliiona kwa macho na ilikuwa kubwa, haitoshi peke yake.

Kwa hiyo fimbo zimerudi kwa mwenyewe kwa sasa. Siku ijayo ya kusafisha mto tutakwenda na mabuti na glavu, pamoja na watoto. Mama amesema ataleta chai tena, na kwamba bado anasubiri jibu.