Vitumbua vya Noeli na Mlango wa Jirani

Wapendwa wakatekumeni,

Noeli imekaribia. Katika vijiji vinavyozunguka Likasi mvua inanyesha, mahindi yangali machanga shambani, na ghala nyingi zimekuwa nyepesi. Hata hivyo akina mama wengi wanaweka akiba ya unga wa ngano, sukari na mafuta, wapate kukaanga vitumbua au kuoka biskuti ndogo za kuwapelekea ndugu na rafiki. Basi huulizwa: Je, desturi hii ni ya dini, ama ni anasa ya watu wa mjini? Tulitafakari neno hili kwa utaratibu.

Kwanza, jueni ya kuwa Bwana wetu alizaliwa Betlehemu, na kwa Kiebrania jina hilo maana yake ni Nyumba ya Mkate. Alilazwa horini, mahali pa kulishia wanyama. Na usiku wa kuamkia mateso yake alijitoa awe chakula chetu. Ninyi hamjaikaribia bado meza ya Ekaristi. Lakini anayemmegea jirani mkate wa nyumbani mwake ameanza kujifunza adabu ya meza hiyo. Tena Kanisa humkumbuka Mtakatifu Nikola, askofu wa Mira katika karne ya 4, kila tarehe 6 Desemba. Mapokeo husimulia kwamba aliwasaidia maskini usiku, kwa siri, asionekane. Huko Ubelgiji watoto hupewa biskuti siku hiyo kwa ukumbusho wake. Kwa hiyo desturi hii ina mzizi mwema. Kazi yetu ni kuangalia isizae matunda mabaya.

Pili, mkumbukeni mjane wa Sarepta, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, naye akiokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Nabii Elia akamwomba mkate mdogo. Mjane akampa, na unga wake haukupunguka mpaka mvua iliporudi. Lakini angalieni: Elia hakumwagiza akope kwa jirani ili meza yake ipendeze. Alimwomba katika kile alicho nacho. Basi mtu asijitie katika deni kwa ajili ya vitumbua, wala asiuze mbegu za shamba ili asifiwe. Asiye na unga wa ngano atoe viazi vitamu, ama karanga, ama muhogo. Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, si utajiri.

Tatu, tutampa nani? Bwana Yezu alifundisha, katika Injili ya Luka sura ya 14, tuwaalike wale wasioweza kuturudishia. Hapa ndipo penye ugumu, nanyi mwajua. Pengine mtoto hufa kwa malaria, na watu huanza kumnyoshea kidole mwanamke mzee asiye na mume wala wana, wakimwita mlozi. Tangu siku hiyo hapana anayekula cha chungu chake. Akileta sahani, huipokea kwa mikono miwili na kumshukuru, kisha huwamwagia kuku nyuma ya nyumba.

Wapendwa, malaria huletwa na mbu. Haiji kwa sahani ya bibi mzee. Siku ya ubatizo mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Mwenye kujibu ndiyo kanisani, kisha akamwogopa bibi huyo njiani, amejibu kwa midomo tu. Basi mpelekeeni vitumbua. Ketini kwake. Naye akiwapa chochote, kuleni mbele ya macho yake. Huenda ndugu zenu wakanung'unika, wakasema mmefanya mapatano naye. Vumilieni maneno hayo bila kurudisha matusi. Bwana naye alinung'unikiwa kwa sababu ya watu aliokula nao.

Mwisho, shauri la jikoni. Donge lenye chachu hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa liumuke. Ukilikaanga upesi, kitumbua hubaki kizito. Siku za mvua na baridi hukawia zaidi. Msiupoteze muda huo kwa masengenyo. Wakati donge linapoumuka, mtajieni Mungu majina ya wale mtakaowapelekea, mmoja mmoja, na yule mliyegombana naye awe wa kwanza.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Jina Betlehemu maana yake nini?
Maana yake ni Nyumba ya Mkate.

Je, yafaa kukopa ili kutoa zawadi za Noeli?
Haifai. Mungu hutazama moyo wa mtoaji, naye hupokea tulicho nacho.

Nani apewe mbele ya wengine?
Yule ambaye hapana mtu amgongeaye mlango.

Je, Mkristu aweza kukataa chakula cha jirani kwa kuogopa ulozi?
Hapana. Kufanya hivyo ni kumhukumu mtu asiye na hatia, na kuitilia shaka nguvu ya Mungu.

Mtoto Yezu azibariki nyumba zenu. Amina.